Muulize Fundi: Kovu la baba lilipotelea kwenye DVD

Mwezi huu barua nyingi zinagusa jambo moja: kipindi kimerekodiwa kutoka kwenye runinga kwa picha ya HD, sasa kitatokaje kwenye king'amuzi kikae kwenye diski ya kuwekwa kabatini? Naanza na barua ya Nansio kwa sababu ndiyo iliyoninyima usingizi.

SWALI: Shikamoo fundi. Nakuandikia kutoka Nansio, Ukerewe. Mwaka juzi watu wa televisheni walikuja kisiwani wakamrekodi baba yangu, fundi wa mitumbwi. Kipindi kiliporushwa nilikirekodi kwa flashi niliyoichomeka kwenye king'amuzi chetu cha antena, chaneli ya bure. Baba ametutoka mwezi wa nne. Nilipeleka flashi kwa mchoma CD mmoja mjini Mwanza anitolee DVD kwa ajili ya arobaini. Picha imekuja na ukungu, na mkono wa baba ukisogea unatoa mistari kama meno ya kitana. Nilipolalamika akaniambia DVD haibebi HD, nitafute Blu-ray. Kwenye flashi naona hadi kovu la tezo kwenye kidole gumba cha baba. Kwenye DVD kidole ni doa tu. Je, ni kweli haiwezekani?

JIBU: Marahaba dada, na pole sana kwa msiba. Asante kwa kunitumia flashi pamoja na hiyo DVD. Vilifika na meli vikiwa vikavu, ndani ya mfuko wa sukari kama ulivyovifunga. Nimekaa navyo jioni tatu hapa Pasiansi, na nimemtazama mzee wako akiziba mianya ya mbao kwa pamba mara nyingi kuliko nilivyohitaji kwa kazi.

Mchomaji wako hakukudanganya kwa makusudi, ila amechanganya chombo na kinachotiwa ndani. Debe ni debe, utie mahindi, utie dagaa. DVD kama kipande cha plastiki ni debe lenye nafasi ya GB 4.7, na halina ugomvi wowote na HD. Kinachokataa HD ni ule utaratibu wa zamani uitwao DVD-Video, ambao deki zetu za majumbani zilitengenezwa kuusoma. Utaratibu huo unataka picha isiyozidi nukta 720 kwa 576. Kipindi chako kina nukta 1920 kwa 1080. Zidisha uone: nukta 2,073,600 zimelazimishwa kukaa kwenye nafasi ya 414,720. Katika kila nukta tano imebaki moja.

Nilisimamisha picha pale kamera inapomsogelea baba akiwa ameshika tezo, nikaikuza. Kovu linaanzia chini ya ukucha na kushuka kwa mshazari, na upana wake ni kama nukta 6. Kwenye DVD upana huo umebaki nukta 2, nazo zimemezwa na rangi ya ngozi pande zote mbili. Macho yako hayakukosea. Kovu kweli halimo.

Meno ya kitana ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapomlaumu mchomaji. Chaneli nyingi za HD hurusha picha kwa mistari ya kupokezana: inatangulia mistari ya witiri, inafuata ya shufwa, mafungu 50 kwa sekunde. Runinga inajua kuyapanga. Lakini ukiipunguza picha bila kuyatenganisha kwanza, mkono ulipokuwa na mkono ulipofika vinagandishwa pamoja. Programu ya bure kama HandBrake ina sehemu ya kuondoa mistari hiyo. Ni kuiwasha tu. Hilo ni kosa la kazi, na diski haina hatia.

Sasa hesabu ambayo natamani kila mtu aijue kabla hajatoa hela yake. Chukua megabiti kwa sekunde za kipindi, zidisha kwa 0.45, unapata GB kwa saa. Chako kinakwenda kwa megabiti 8, yaani GB 3.6 kwa saa, na kina dakika 38. Faili lote ni GB 2.3. Linaingia kwenye DVD ya kawaida na nafasi inabaki, likiwa HD ile ile, bila kubanwa upya hata chembe. Kwa mwendo huo DVD moja inabeba dakika 78 hivi. Blu-ray ya GB 25 inabeba karibu saa 7, na ina maana kwa mtu mwenye vipindi vingi au mechi nzima nzima. Kwa dakika 38 za baba huhitaji.

Nilichofanya ni hiki. Kuna utaratibu uitwao AVCHD, ambao Panasonic na Sony waliutoa mwaka 2006 kwa ajili ya kamera za video. Unapanga picha ya HD iliyobanwa kwa njia iitwayo H.264 kwenye DVD ya kawaida kwa mpangilio unaofanana na wa Blu-ray. Nilifungua faili lako kwa VLC, programu ya kuchezea video, nikatazama taarifa za kodeki, yaani namna picha ilivyobanwa, nikakuta picha ni H.264 tayari. Hapo nilishusha pumzi, maana picha sikuhitaji kuigusa. Nikalipitisha kwenye tsMuxeR, programu ya bure inayopanga upya bila kubana, nikachoma kwa programu ya ImgBurn.

Diski ya kwanza ilitoka bubu. Baba anapiga nyundo, mlio hakuna. Sauti ya kipindi ilikuwa ya aina ya AAC, nayo deki ya Blu-ray haikubali kwenye mpangilio huo. Inataka AC-3 au sauti isiyobanwa. Nikatoa sauti peke yake, nikaigeuza kuwa AC-3 kwa programu ya FFmpeg, nikairudisha kwenye picha. Diski ya pili ilisema. Naandika haya kwa urefu kwa sababu mtu wa pili atakayejaribu atakwama papo hapo na kudhani ameharibu kipindi.

Sharti lake ulijue pia. Diski ya AVCHD inasomwa na deki nyingi za Blu-ray, na PlayStation 3, na kompyuta. Deki ya kawaida ya DVD, kama uliyonayo Nansio, itaitema. Kwa hiyo nimekuandalia vitu vitatu: AVCHD mbili, DVD-Video moja niliyoitengeneza upya bila meno ya kitana kwa ajili ya deki yenu, na diski nyingine mbili zenye faili lako mama jinsi lilivyotoka kwenye king'amuzi, bila kuguswa. Hizo mbili za mwisho ndizo za thamani kuliko zote. Mitambo itabadilika, na atakayekuja kuhamisha baba kwenye mtambo wa miaka ijayo atahitaji lile faili mama, siyo DVD-Video.

Siku ya arobaini usihangaike na deki. Chomeka flashi moja kwa moja kwenye runinga yenye tundu la USB, au waombe walimu wa shule jirani kompyuta na projekta, mtazame kwa VLC. Watu wamwone mzee jinsi alivyokuwa.

SWALI: Fundi, mimi ni wa Kirumba. Nikirekodi mpira kwa flashi, faili linakatika kila ikifika saa moja na dakika kumi hivi, halafu linaanza jingine. King'amuzi kibovu?

JIBU: Kizima kabisa. Flashi yako imepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kuvuka GB 4 za kompyuta, ambazo kwa hesabu yangu ya juu ni kama 4.3. Kwa megabiti 8 kwa sekunde, hapo ni dakika 71. King'amuzi kinalifunga faili na kufungua jingine ili kisipoteze kitu. Kama kinakubali NTFS au exFAT, hamisha kwanza vilivyomo, halafu panga upya flashi hiyo. Kama hakikubali, tsMuxeR hiyo hiyo inaunganisha vipande bila kubana upya. Ila vipe majina ya 1, 2, 3 mapema, kipindi cha pili kisije kikatangulia cha kwanza.

SWALI: Kaka fundi, habari za kazi. Niko Igoma. Machi 24, 2019 nilirekodi Taifa Stars wakiifunga Uganda 3-0 Uwanja wa Taifa, siku tuliyofuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Nilirekodi kwenye king'amuzi cha kulipia chenye diski ngumu ndani. Mdogo wangu, ambaye tulitazama naye, yuko ughaibuni sasa, nataka nimchomee Blu-ray. King'amuzi kimekufa. Nimeitoa diski ngumu, nimeiunganisha na kompyuta, mafaili nayaona lakini hayafunguki. Niyafungueje?

JIBU: Ndugu yangu, nakujibu nikiwa na kidonda hicho hicho.

Mwaka 2016 kwaya ya usharika wetu ilionyeshwa kwenye chaneli moja ya kulipia. Mke wangu alisimama mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, akaimba ubeti wa pili peke yake. Nilirekodi kwenye king'amuzi kama chako. Tulikitazama kipindi kile Krismasi mbili, na mimi, fundi mzima ninayewaambia watu watoe nakala, sikutoa nakala. Mwaka 2018 radi ilipiga mtaani kwetu, na king'amuzi hakikuwaka tena. Niliitoa diski ngumu kama ulivyofanya. Mafaili yapo, majina yapo, ukubwa ni ule ule. Kufunguka, hakuna. Mke wangu aliuliza mara moja tu, "Haipo kabisa?" Mpaka leo diski ile ngumu iko kwenye droo yangu, na sijaweza kuitupa.

Chanzo ni hiki. King'amuzi cha kulipia kinaporekodi, huwa kinaandika kipindi kikiwa kimefungwa kwa ufunguo, na ufunguo huo unakaa ndani ya king'amuzi chenyewe, siyo kwenye diski. Ukinunua kipya cha kampuni ile ile, kina ufunguo wake mwingine. Kwa hiyo hata uwe na kompyuta ya aina gani, unachokitazama ni kabati lililofungwa na ufunguo umezama ziwani.

Tumaini lililobaki ni moja. Usishughulike na diski, shughulika na king'amuzi. Mara nyingi kinachokufa ni sehemu ya umeme: kapasita zimevimba, fyuzi imekatika, adapta imechoka. Ubongo wenye ufunguo unaweza kuwa mzima. Mpelekee fundi wa mabodi, mwambie asibadilishe bodi kuu, maana akiibadilisha ameutupa ufunguo. Kikiwaka, irudishe diski ile ile, ucheze mechi, urekodi kupitia tundu za AV za rangi tatu, nyekundu, nyeupe na njano, kama kampuni haikuzifunga. Picha itashuka hadi ya kawaida, ya DVD. Kupitia HDMI huwezi, kwa sababu waya huo una kinga yake iitwayo HDCP inayozuia kurekodi, na kuivunja siyo kazi ninayoifundisha hapa. Bao la penalti la Erasto Nyoni bado utalitambua hata kwa picha ya kawaida.

Na kwa wote wanaosoma: kabla hamjategemea king'amuzi chochote, rekodini dakika 5, chomoeni flashi, mjaribu kuifungua kwenye kompyuta. Ikifunguka, rekodi haikufungwa kwa ufunguo na kipindi mtakiweza. Isipofunguka, mmeazimwa tu.

SWALI: Fundi, nikiwa na king'amuzi cha bure na mashine ya kuchoma, naweza kuuza DVD za vipindi hivyo pale stendi ya Nyegezi?

JIBU: Hapana. Kurekodi ili utazame na watu wa nyumbani mwako ni jambo moja. Kutoa nakala za kazi ya mtu na kuziuza bila ruhusa yake kunakatazwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndio wasimamizi wake. Ukitaka kula kwa mashine hiyo, chomea watu harusi zao na sherehe zao. Kazi ipo tele.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu mstaafu, Sengerema. Muuzaji ameniambia DVD tupu anazouza zinadumu maisha. Nina ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma pale Bujora, nilizorekodi, za vikundi vya Bagika na Bagalu, na sitaki wajukuu wakute plastiki tupu. Ni kweli zinadumu?

JIBU: Mwalimu, umri wangu nao si haba, kwa hiyo shikamoo naipokea kwa adabu na kukurudishia. Wabeja sana kwa kuzitunza ngoma hizo.

Maisha ya nani, ndilo swali la kumuuliza muuzaji. DVD ya kuchomea ina utando wa rangi katikati ya bapa mbili za plastiki, kila moja milimita 0.6. Mwale mwekundu wa leza unaunguza alama kwenye rangi hiyo, na deki inasoma zile alama. Rangi hiyo ni kemikali dhaifu: jua linaiua, joto linaichosha, unyevu ukipenya ukingoni unaila. Wataalamu wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walishauri mwaka 2003 diski zitunzwe kwenye nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Hapa kwetu kandokando ya ziwa nyuzi 20 tunazipata alfajiri, na unyevu ukipanda umepanda. Kwa hiyo usiweke diski kwenye sanduku la bati chini ya paa la bati, wala dirishani, wala juu ya king'amuzi chenye moto. Weka kabati la ndani kabisa, upande usiopigwa na jua la mchana, kila diski kwenye kasha lake gumu, zikiwa zimesimama kama vitabu.

Kama uwezo upo, kwa ngoma hizo ningekushauri Blu-ray za kuchomea za aina ya HTL. Utando wake hautumii rangi ile. Unatumia madini, na mwanga hauusumbui kwa namna hiyo. Soma kasha vizuri, kwa sababu kuna nyingine za LTH, ambazo zimerudia rangi ya namna ile ya DVD. Ubaya wa Blu-ray ni kwamba alama zake ziko milimita 0.1 tu kutoka usoni, ingawa kuna kinga ngumu juu yake. Mchubuko mmoja wa mchanga ni hatari. Usiifute kwa kanga kwa kuzungusha. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni.

Ila usichelewe. Februari 2025 Sony ilisimamisha kutengeneza diski tupu za Blu-ray. Wapo wengine wanaoendelea, lakini mimi nimeshanunua mashine ya pili ya kuchomea na kuiweka, kwa sababu diski nzima bila mashine ya kuisoma ni sahani.

Kuchoma kwenyewe, fanya kwa kompyuta mpakato yenye betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati, diski ya kuandikwa mara moja imekufa na haifufuki. Usichague mwendo wa 16 kwa kuwa umeandikwa kwenye kasha. Choma kwa 4 au 8. Kwa mwendo wa 4 DVD iliyojaa inachukua kama robo saa, muda wa kunywa chai. Programu ikikuuliza kama ihakiki, kubali, hata kama inakuongezea muda. Na karatasi za kubandika usibandike kabisa. Zikianza kubanduka upande mmoja zinapindisha diski, na gundi inapenya. Andika kwa kalamu laini ya maji, kwenye ile pete ya plastiki iliyo wazi katikati, ambako hakuna kitu cha kuharibika: jina, tarehe, na neno "mama" kama ni faili lisiloguswa.

Tengeneza mbili na zisilale nyumba moja. Halafu chagua siku unayoikumbuka, mimi natumia wiki ya Sabasaba, kila mwaka zitoe uzisome zote kwenye kompyuta mpaka mwisho, siyo dakika ya kwanza tu. Ukingo wa nje ndio unaoanza kuoza, na kwenye diski iliyojaa ukingo wa nje ndio mwisho wa kipindi. Ikianza kugoma mahali, chukua ile ya pili siku hiyo hiyo, utoe nakala mpya.

Dada wa Nansio, diski zako nimezichoma hivi hivi. Za kwako ziko kwenye bahasha nyeupe, nimemkabidhi kijana yule yule wa meli ya Ijumaa. Bahasha ya kaki ina AVCHD moja na faili mama moja, ni ya kaka yako wa Dar es Salaam. Usiifungue, mpelekee ilivyo. Kovu liko dakika ya 21 na sekunde 40.